Tende za Mfuko wa Nyuma

Hadi leo nikipita Tudor karibu na ule uwanja wa saruji huuvuta mtandio usoni na kukaza mwendo, maana pale kuna watu wanaonikumbuka, na hawanikumbuki kwa vikapu nilivyofunga. Lakini wadogo zangu wamekuwa watu wazima na aibu yenyewe imeanza kupoa, kwa hivyo bora niwasimulie mimi kabla hamjasikia kwa wengine, kwa sababu wengine huongeza chumvi (na kisa hiki, wallahi, hakihitaji hata chembe).

Miaka ile ya tisini nilichezea timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, timu ya kuokoteza, sina neno jingine la kuieleza. Hatukuwa na mrefu hata mmoja. Shoga yangu Kadzo wa Buxton tulimtoa kwenye netiboli, ndiyo maana akipata mpira husimama kama nguzo, hadundishi, atafuta tu wa kumpa. Mimi nilikuwa mchezeshaji, yule anayeupandisha mpira na kuwapangia wenzake, na nyumbani kwetu Kibokoni kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo: wazazi walikuwa wametangulia mbele ya haki, shule niliiachia kidato cha pili, asubuhi napika mahamri ya kuuza, na wadogo zangu wawili, Rukia na Athmani, wanasoma. Basi niliposikia kwamba kocha wa timu ya kampuni moja ya bandarini atakuja kututazama, kwamba ana nafasi moja tu, na kwamba anayechaguliwa huajiriwa kazi ya ofisini yenye mshahara wa kila mwezi, usingizi ulinihama.

Mechi yenyewe ikaangukia Ramadhani, ya kumalizika jua likizama. Mpango niliupanga mimi. Wapinzani wetu, waliotoka bara, walikuwa na msichana mrefu kama mnazi ambaye husimama chini ya kikapu na kuzima kila kitu, kwa hivyo nikawaambia wenzangu, chini ya kikapu tupaache patupu. Sote tukae mbali, pembeni, mrefu wao alazimike kutoka kutufuata. Na ukishatoa pasi usisimame kuitazama, pita nyuma ya anayekulinda uingie kikapuni. Wengi wetu tumefunga, nikasema, basi leo utakaochoka ni mpira, si sisi.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Kwenye mazoezi niliwahi kuacha tende zangu za kufuturia juu ya benchi, na Kadzo (Mkristo, asili yao Rabai, hafungi, na mbele ya tende haya hana) akazila zote akaniachia kokwa. Safari hii nikasema hanipati. Nikazifunga kwenye kipande cha gazeti, zile tende laini za kushindiliwa, nikazitia mfuko wa nyuma wa suruali. Na suruali zetu, mjue, zilikuwa ndefu, za heshima ya mwezi, na nyeupe pe.

Kipindi cha kwanza mpango ulikwenda vizuri, ila mimi karibu sikufunga hata kikapu. Kila nikipenyeza pasi, anayefunga ni Kadzo, anayeshangiliwa ni Kadzo, nami moyoni nasema haya, kazi ya ofisini imekwenda Buxton hiyo.

Kipindi cha pili nikajitoa mhanga, nikasimama mbele ya yule mrefu alipokuja mbio na mpira, akanipiga kumbo, nikakaa chini kwa kishindo. Nikahisi kitu kimebonyea, nikadhani ni mimi mwenyewe. Nikainuka, nikaendelea.

Mara njia ikafunguka! Naingia na mpira, anayenilinda arudi nyuma. Nasogea tena, apiga chenga akakaa kando kabisa. Nafunga.

"Mlinde huyo! Mlinde!" kocha wao akapiga kelele.

"Mlinde wewe!" msichana akamjibu.

Amenikoma, nikajisemea. Mama mmoja aliyekaa mbele akashika shavu, "Masikini mtoto wa watu, daku imemgeuka!" Nami nikadhani amhurumia yule aliyeshindwa kunilinda. Kadzo naye akawa ananikodolea macho huku ajipigapiga nyuma ya kiuno, na kwetu hiyo ilikuwa ishara ya kupita nyuma ya mlinzi, basi nikapita nyuma, nikafunga tena, na nikamaliza kwa kutembea mbele ya watazamaji polepole, nimewageuzia mgongo, mikono juu, nikiringa kama bibi harusi.

Tukashinda. Filimbi ikalia, na haukupita muda ikasikika adhana. Nikasimama katikati ya uwanja, watu wote wananitazama (nikajua wananistaajabia), nikatia mkono mfuko wa nyuma, nikatoa rojo la rangi ya kahawia, nikasema bismillahi, nikala.

Jamani, ukelele uliotoka pale! Yule mrefu alijifunika uso kwa fulana yake. Mtu akasema "Lahaula!" Nikajigeuza kujitazama nyuma, na nilipoiona suruali, kila kitu kikanijia kwa mpigo mmoja, njia iliyofunguka, masikini mtoto wa watu, kiuno cha Kadzo, yote.

"Ni tende!" Rukia akaja mbio kutoka kwenye watazamaji, sauti imepasuka. "Wallahi ni tende! Tulizinunua naye Mwembe Tayari!"

Hakuna aliyeamini. Kadzo ndiye aliyesogea, akauinamia mkono wangu, akanusa, akachota kwa kidole, akalamba. "Tende," akatangaza kama kadhi. Kisha akachota tena.

Kocha wa kampuni alikuja huku afuta machozi ya kicheko, lakini alipofika karibu uso ukawa wa kazi. "Binti, vikapu vya mwisho nimevifuta vyote katika hesabu yangu. Hukulindwa na mtu."

Nikainamisha kichwa. Nilimwona Rukia ameshika mdomo, nikaona ada ya shule na unga wa kesho vikienda zao.

"Lakini nilikuchagua kabla hujaanguka," akasema. "Wafungaji ninao, hata pa kuwaweka sina. Ninayemtafuta ni mtu anayejua mwenzake atakuwa wapi kabla mwenyewe hajafika. Kipindi cha kwanza chote ulikuwa wafanya hivyo. Jumatatu njoo ofisini." Akanyoosha mkono anipongeze, akauona wangu, akaurudisha wake kifuani. "Na uje na suruali nyingine."

Kazi nilianza, na watoto wakasoma. Kuringa nimeacha, na tende laini sitembei nazo tena, nimeapa. Na popote nikiona njia imefunguka ghafla mbele yangu, watu wananipisha kwa adabu zaidi kuliko nilivyozoea, kabla sijajisifu, kwanza hujipapasa nyuma.