Soksi Tatu za Kwenda Jette

Harufu ya sufu iliyolowa, inayokauka juu ya shofaji, ile mashine ya chuma ya kupashia chumba joto, ndiyo iliyojaza nyumba yetu ya mtaa wa Schaerbeek, huko Ulaya, majira ya baridi niliyotimiza miaka kumi. Tulikuwa watu saba katika vyumba vitatu: mama na mimi, mjomba wangu tonton Déo, mkewe na watoto wao watatu, na kila mmoja alikuwa na soksi zake pale juu. Mama alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee huko Jette, ng'ambo ya mfereji. Kwa kuwa alikuwa amechelewa kazini mara kadhaa baada ya kukosa tram ya pili, ile treni ya barabarani, vuli ile alitafuta baiskeli mbili kuukuu, akanihamishia shule iliyo karibu na kazi yake, tukaanza kwenda pamoja. Alikulia Uvira, mji wa kando ya ziwa ambako baiskeli hubeba kila kitu, kwa hiyo magari hayakumtisha. Kilichomtisha ni baridi. Aliniambia mapema kwamba nikishindwa nayo, nitarudi shule ya zamani, kwa tram, pamoja na binamu zangu.

Sikutaka kurudi. Nyumbani mama alifika amechoka, na hata hapo nililazimika kumgawana na watu watano wengine. Njiani alikuwa wangu peke yangu. Alitangulia, mimi nyuma yake, akizungumza huku amegeuza shavu ili nimsikie: leo habari za bibi mmoja wa Jette anayeficha mkate chini ya mto wa kulalia, kesho habari za ziwa na dada zake. Kwa hiyo miguu ilipoanza kuniuma mwezi wa kumi na mbili, nilinyamaza. Niliongeza soksi ya pili, kisha ya tatu, nikiisukumiza miguu ndani ya viatu vya mwaka uliopita nikiwa nimeketi kwenye ngazi, mama akiwa amekwenda kufungua baiskeli. Dakika kumi za kwanza vidole viliuma sana, halafu havikuuma tena, nami nikadhani nimeishinda baridi. Shuleni niliviegemeza kwenye shofaji, ndipo vikaanza kuwasha kama vimepakwa pilipili. Vilivimba, vikawa vyekundu. Binamu yangu Solange alipoviona usiku mmoja tukivaa nguo za kulala, nilimwambia nimeumwa na mbu. Alitazama theluji dirishani, akanitazama mimi, akazima taa.

Asubuhi moja ya Januari, tukiteremka kutoka kwenye daraja la mfereji, mguu wangu wa kulia uliteleza kwenye pedali, wala sikujua kama umeteleza. Nilianguka ubavu, mbele ya gari la kusambaza vifurushi. Breki zake zililia, likasimama karibu kiasi kwamba nilihisi joto la injini usoni. Mama alitupa baiskeli yake chini, akaja mbio.

"Umeumia fasi gani?"

"Sijaumia."

"Simama basi."

Nilisimama, nikaanguka tena. Miguu haikunishika.

Dereva alitubeba sisi na baiskeli zetu hadi kazini kwa mama. Katika chumba cha wahudumu mama alinikalisha, akanivua viatu, kisha soksi: moja, mbili, tatu. Vidole viwili vilikuwa vya zambarau. Nilitaka kuviweka kwenye shofaji, akanizuia. Alileta beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Juu ungenirudisha kwa tram, maman."

Alinimwagia maji miguuni kwa kiganja. Nilimsubiri akasirike. "Kila siku minaosha miguu ya bantu bengine," alisema hatimaye, "minaangalia kidole kimoja kimoja. Na ya mutoto wangu sikuangalia." Kisha akachukua kiatu changu, akapima kwa kiganja, na sauti yake ikarudi kuwa ya kazini. "Bon. Ona, kiatu inakubana. Soksi tatu ndani yake, damu itapita wapi?"

Hakunirudisha kwenye tram. Alinitafutia viatu vikubwa kwa namba moja, nikavaa jozi moja tu ya sufu, na chini ya unyayo karatasi za matangazo yanayotumbukizwa milangoni. Siku za mvua alinivalisha mfuko wa mkate juu ya soksi. Kwenye kila mwinuko tulishuka, tukatembea tukisukuma baiskeli, mpaka vidole vikapata moto. Na kila jioni, hata awe amechoka vipi, nilinyoosha miguu mapajani mwake, akaikagua.

Sasa naishi Etterbeek na huendesha baiskeli peke yangu hadi ofisini, kwenye njia pana zilizopakwa rangi, nikiwa na viatu vya baridi ambavyo mama angevitamani zamani zile. Yeye amestaafu, magoti yamemkatalia baiskeli. Lakini vidole vile viwili huvimba kila baridi ya kwanza inapoingia. Novemba iliyopita alinipigia simu nikiwa kazini, akauliza habari zavyo. Nilimwambia ni vizima.

"Tuma foto," akasema.

Nikajifungia msalani, nikavua kiatu, nikavua soksi, nikavipiga picha vile vidole, nikamtumia.