Simba Aliyelala Kwenye Zamu Yetu
Silanga hiyo, bwawa la kuchimbwa la kukinga maji ya mvua, iko kwenye nyika kavu chini ya mlima Longonot, na kiangazi kikikaza hakuna maji mengine karibu. Wanyama wa porini hunywa alfajiri. Ng'ombe wa wafugaji hunywa kuanzia saa tatu, kila boma kwa zamu yake, leo wanakunywa, kesho wanakaa. Sharti la kambi ya watalii ni moja: simba au chui akiwa kwenye maji, mifugo isubiri mpaka aondoke mwenyewe. Makubaliano hayo yaliandikwa na watu wanaokunywa maji ya chupa. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuyalinda, nikapewa na sare ya mifuko tele ambayo mpaka leo sijapata cha kutia ndani yake ila simu.

Asubuhi hiyo nilikuwa na wageni wanne kutoka Nairobi, wamevaa rangi ya vumbi kuanzia kofia mpaka soksi, kana kwamba simba angewakataa wakija na shati la bluu. Tulifika kwa gari kabla jua halijachomoza. Fisi wawili walikuja, wakanywa, wakaenda zao, na hakuna aliyewajali. Fisi hana sura ya kuwekwa mtandaoni. Saa mbili kasoro akaja simba jike. Akanywa, akajinyoosha, akalala hapo hapo ukingoni.

Basi ikawa sherehe ya kunong'ona. Mwanamume mmoja mwenye lenzi ya urefu wa mkono wangu alimpiga picha simba akiwa amelala, halafu akampiga nyingine akiwa bado amelala. Dada aliyekaa karibu naye akafuta machozi, akasema hajawahi kuona utulivu kama huo. Nilitikisa kichwa kwa heshima. Kutikisa kichwa ni sehemu ya kazi.

Saa tatu ikafika. Ng'ambo ya silanga nikaona vumbi, kisha ng'ombe, kisha baba yangu. Ilikuwa zamu ya boma letu. Nyuma kabisa alijikokota ng'ombe wetu mweusi, aliyezaa wiki hiyo hiyo, mbavu nje, akitembea na kusimama. Hawakuwa wamekunywa tangu juzi. Wakikosa leo ingebidi wangoje mpaka keshokutwa, na yule mweusi hangefika huko, wala ndama wake.

Saa nne simba alikuwa bado amelala. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikajikunja pembeni, nikaipokea kwa sauti ya chini.

"Huyo paka wako ataamka lini?" baba akauliza.

"Vumilia kidogo, baba."

"Mwambie mweusi avumilie. Mimi nishavumilia."

Akakata. Mwenye lenzi akataka kujua ni nani anapiga simu saa kama hizo. "Ni ofisi," nikasema. Niliona aibu, lakini sikurekebisha neno.

Baba alijifunga shuka vizuri, akashika rungu, akateremka mbele ya ng'ombe wake akipiga mluzi. Simba akainua kichwa, akamtazama, akaondoka bila haraka. Hao wawili walijuana kabla kambi haijapigwa hema la kwanza.

Ndani ya gari kukawa msiba. "Boss, huyo mzee ametuharibia shot!" mwenye lenzi akafoka. "Si uende umfukuze? Kwani hakuna rules hapa?"

"Naenda sasa hivi," nikasema, nikashuka kwa kishindo.

Nilimwendea baba nikirusha mikono hewani na kunyoosha kidole kuelekea mlimani. Lakini kwa mdomo nilikuwa nikimwambia azuie madume upande wake, nami nizuie wa upande wangu, mweusi apite kwanza. Akapita. Akazamisha pua, akanywa kwa muda mrefu bila kuinua kichwa, na nilisikia maji yakimshuka kooni. Nilitaka kulia. Badala yake nikatikisa kidole kwa ukali zaidi, na kule kwenye gari mtu akaninyooshea dole gumba.

Baba akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Hiyo mikono ina nini?"

"Wanadhani nakufukuza, baba."

Akageuka akalitazama gari, kisha akawatazama ng'ombe waliokuwa wakisukumana, bado hawajagusa maji.

"Basi nifukuze polepole," akasema. "Wamebaki wanane."