Siku Bwana Taifa Alipovuka Mfereji

Hivi karibuni nilikuwa safarini Mbeya, sokoni Mwanjelwa, nikitafuta viungo vya pilau. Mama mmoja akanipa pilipili ya kusaga aliyoifunga kwenye kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko chekundu cha kuzungusha. Harufu yake ilikuwa kali, ya kupasua pua, pilipili nzuri kabisa. Lakini mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe.

"Dada, ni safi hicho, nimekiosha mwenyewe," akasema, akidhani nimeona kinyaa.

Nilicheka. Nilinunua pilipili yake, ila nilimwomba aimwage kwenye gazeti. Kikopo cha namna ile nakijua tangu ningali nang'oka meno ya utoto, na hakikuwa cha pilipili.

Wakati huo tulikuwa tunakaa pembezoni mwa Ubaruku, kule ambako majaruba ya mpunga yanaanza nyuma ya nyumba na kwenda mpaka macho yanachoka. Wazazi wetu walikuja Usangu kutoka Usukumani na ng'ombe wao, kisha mpunga ukawanasa kama unavyowanasa wengi. Baba alikuwa kwenye malisho ya mbali, mara nyingi hayupo. Nyumbani alituachia ng'ombe wachache wa maziwa na maksai wa kulimia, na juu ya hao wote alikuwapo mama, ambaye sisi tulimwita Mayu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma ndani yake kama mchele wenye chenga, na majirani zetu Wasangu na Wabena walipenda kumwiga. Walimwiga akiwa hayupo.

Kaka yangu Sungwa alinizidi madarasa kadhaa. Alikuwa na mbio, na alijua kupiga mbizi kwenye mfereji mkubwa uliopita kati ya mtaa wetu na shule. Sote tuliishi ndani ya maji yale. Tulioga humo, tulifulia humo, tulisimama humo tukifukuza ndege wa mpunga. Lilikuwapo daraja la magogo, lakini mtoto gani anapita darajani wakati maji yapo?

Sungwa alipoanza kukojoa damu hakumwambia mtu. Wavulana wenzake walimwambia kwamba ndiyo kukua. Mayu aligundua siku alipokuta doa kwenye kaptula ya shule. Alimuuliza mara moja tu, kisha akasema kesho yake wataondoka wote wawili kwenda zahanati.

Hawakwenda, kwa sababu kesho yake lilikuja gari jeupe.

Watafiti walikuwa wengi, wamevaa makoti meupe na viatu vizuri. Kiongozi wao alikuwa mwanaume mnene kidogo, mpole, mwenye kitambaa cha kufutia jasho. Waliitisha mkutano wa wazazi chini ya mabati ya darasa jipya. Alieleza kwamba wanachunguza ugonjwa wa kichocho kwa watoto, kwamba kila mtoto atatoa mkojo kwenye kikopo, kwamba watarudi na majibu na mgonjwa atapata dawa. Kila alipomaliza jambo moja alisema, "Asanteni sana, mnasaidia taifa." Mpaka jioni sisi watoto tulikuwa tumeshampa jina: Bwana Taifa.

Mayu alisimama kuuliza.

"Huyu wangu anakojoa damu. Nilikuwa nampeleka zahanati leo. Nimpeleke?"

"Hapana, mama," akamjibu kwa upole. "Usimpe dawa yoyote kwanza, utatuharibia utafiti. Subiri majibu yetu."

"Mtarudi lini?"

"Kabla hamjavuna, mama. Nakuahidi."

Mayu akakaa. Alikuwa mtu wa kuheshimu neno. Kwao mtu akisema mbele ya wazee kwamba ng'ombe atafika, ng'ombe anafika.

Nilikuwa nimepanga mstari nyuma ya Sungwa alipokabidhi kikopo chake. Kilikuwa na rangi ya juisi ya zambarau. Kijana aliyekipokea alikiinua juani, akamgusa mwenzake bega, wakakitazama wote. Kisha akabandika karatasi yenye namba, akamshukuru Sungwa na kumpa kipande cha sabuni na biskuti. Biskuti zilikuwa tamu sana. Nasema ukweli, kwa miezi mingi nilikuwa naomba warudi kwa ajili ya biskuti.

Mpunga ukachanua. Ukainama. Ukavunwa, ukapigwa, ukapelekwa mashineni. Kila gari lililotimua vumbi barabarani Mayu alinyanyua kichwa. Dada mmoja jirani alimwambia ampeleke tu mtoto, na Mayu akajibu, "Daktari amesema nisubiri." Leo nikisikia watu wa ofisini wakisema wananchi wa vijijini hawafuati maelekezo, huwa natoka nje nikanywe maji. Mama yangu alifuata maelekezo.

Sungwa aliacha kukimbia, kisha akaacha kula. Asubuhi moja tukiwa tunapandikiza miche alijikunja ndani ya jaruba akishika ubavu, na mlio alioutoa ulinifanya nidhani ameng'atwa na nyoka. Alipelekwa Mbeya kwa gari la mchele, amelala juu ya magunia. Alikaa huko muda mrefu. Ng'ombe kadhaa wakauzwa. Aliporudi alikuwa na mshono ubavuni kama zipu, figo moja imeondolewa, na amekatazwa kubeba chochote kizito. Daktari aliyemkata alimwambia Mayu kwamba ugonjwa umetoka kwenye maji ya mfereji, na kwamba angeletwa mapema zingetosha dawa za kumeza.

Mayu hakulia mbele yetu. Alianza tu kutufukuza mferejini kwa fimbo, sisi na watoto wa watu wengine, na hakutaka kueleza sana. Nami nilidhani huzuni imemfanya mkali.

Msimu uliofuata gari jeupe likarudi.

Ni Bwana Taifa yuleyule, na kitambaa chake. Alimsalimia Mayu kwa furaha ya mtu asiyemkumbuka mtu. Hotuba ilikuwa ileile. Watarudi na majibu, mnasaidia taifa. Mara hii tulipewa vikopo twende navyo nyumbani, tuvirudishe kesho yake. Nilimtazama Mayu nikitegemea moto. Badala yake alitabasamu, akaenda nyumbani kuleta kibuyu cha maziwa ya mgando, akawakaribisha wageni wanywe. Walimsifu sana.

Jioni ile ua wetu ulijaa wanawake. Mayu aliwaeleza kwa maneno machache, na nikaona vicheko vikianza kwenye mabega yao kabla havijafika mdomoni. Kisha akanipa beseni.

Kama hujawahi kumkojolesha ng'ombe, ni kazi ya subira. Mayu alimpapasa taratibu chini ya mkia huku akimwimbia, nami nimechuchumaa nyuma na beseni langu, nimefumba macho. Mkojo ukija unakuja kama bomba lililopasuka. Nililowa mpaka kifuani. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Ni Mayu peke yake aliyekuwa na uso wa mtu anayepima dawa. Akamleta na maksai.

"Wa maksai kwa wavulana, wa jike kwa wasichana," akaagiza. "Tusiwadanganye watu."

Asubuhi tulipanga mstari, nyuso zimetulia kama za kanisani. Bwana Taifa alipokea vikopo vyetu kwa mikono miwili. Asanteni sana.

Hazikupita siku nyingi, gari jeupe likaja mbio hata kabla ya mapumziko ya saa nne. Bwana Taifa alishuka bila kitambaa. Alivuka daraja la magogo kwa miguu mpaka mtaani kwetu, kijana wake mmoja nyuma yake nasi watoto tukiwafuata, akamtaka mwenyekiti wa mtaa aite watu.

"Nani alifanya mchezo huu? Mnajua kazi hii imetugharimu kiasi gani? Mnajua mmeharibu nini?"

Mayu akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mmerudi," akasema.

"Mama, nauliza nani..."

"Mimi. Nasema mmerudi. Mkojo wa mwanangu mliubeba ukiwa mwekundu, hamkurudi. Wa ng'ombe mmerudi kabla maziwa niliyokamua siku ile hayajaganda. Kumbe njia mnaijua." Akageuka. "Sungwa, njoo baba. Vua shati."

Sungwa hakutaka. Alivua taratibu akitazama chini, na mshono ule ukaonekana na watu wote. Nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi.

"Ulinikataza nisimpeleke," Mayu akaendelea. "Nikakutii. Majibu yake mliyapata?"

Bwana Taifa alianza kueleza kuhusu namba, na taratibu, na fedha za mradi zilizokwisha. Mayu hakumsikiliza. Alimtazama yule kijana nyuma yake, yule aliyekiinua kikopo cha Sungwa juani.

"Wewe. Mliyapata?"

"Tuliyapata, mama," kijana akasema. "Wiki ileile."

Mwenyekiti, ambaye kazi yake ilikuwa kutuliza watu, aliamua kufunga kamba za viatu.

"Samahani, mama," Bwana Taifa akasema hatimaye. "Samahani sana."

"Sijaiomba. Nendeni."

Walipogeuka, daraja halikuwapo. Lilikuwapo, ila limejaa ng'ombe. Ng'ombe wetu na wa majirani wamesimama juu ya magogo wakicheua, na wanawake wamesimama mbele yao na fimbo. Gari lilikuwa ng'ambo.

"Waambie waondoe mifugo," Bwana Taifa akamwambia mwenyekiti.

"Ng'ombe wa watu hao," mwenyekiti akajibu. Kamba zilikuwa bado hazijamalizika.

Mayu alimwonyesha mfereji kwa mkono wazi, kama anayemkaribisha mgeni mezani. "Watoto wetu wanapita hapa kila siku. Hapa maji ni ya magotini tu. Mwache huyu kijana apite darajani, amesema kweli. Wewe pita hapa."

Alisimama ukingoni kwa muda mrefu. Aliyatazama maji, akatutazama, akayatazama tena. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Sisi tulidhani anaogopa ruba, tukafurahi. Mwishowe alivua viatu, akakunja suruali, akaingia.

"Usiogope," Mayu akamwambia. "Ukiumwa tutakuletea majibu."

Alivuka akinyanyua miguu juu kama kuku kwenye matope, na katikati aliteleza akaingia mpaka kiunoni. Watoto wote tulipiga kelele, "Asante sana! Umesaidia taifa!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena, hata siku ya harusi yangu.

Yeye hatukumwona tena. Baadaye walikuja wengine, wakatupima urefu kwa fimbo na kutugawia vidonge vikubwa vya kichocho, vinavyokwama kooni. Nani aliwatuma sijui.

Sasa mimi ni muuguzi Iringa, na vidonge vile vimo kwenye kabati nyuma ya kiti changu. Ni siku yangu ya kwanza kuvishika kazini ndipo nilipoelewa kilichomsimamisha ukingoni. Hakuwa anaogopa ruba. Alikuwa anajua kilichomo mle ndani, alikijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, na alikijua tangu wiki ile ya kwanza tulipokuwa tunaendelea kuoga. Nikaelewa pia kwamba baada ya muda atakuwa amemeza dawa yake na kupona, na kisasi chetu kikaisha kama maumivu ya jino.

Nilimweleza Mayu, ambaye siku hizi anakaa kwangu na kulalamikia baridi. Nilidhani atasikitika.

"Nilijua atakunywa dawa," akasema huku akichambua maharage. "Sikutaka afe. Nilitaka aogope maji, halafu aingie. Asije akasema popote kwamba hakujua."

Watafiti wengine huja kwenye kituo chetu, na huwa nawauliza mbele ya watu watarudi lini, kisha nawapigia simu mpaka wanarudi. Wananiona msumbufu. Sungwa ananiambia yale yameshapita, yeye alishamsamehe yule mtu zamani, na ninamwamini. Lakini Sungwa ana figo moja na amekatazwa kubeba mizigo. Mimi na Mayu ni wazima, tunambebea.