Jino la Sabuni la Nkambo Léocadie

Mwaka 1957, pale Kasongo, nkambo wangu, yaani bibi yangu, alimpita askari mlangoni, akaingia kwenye chumba cha mtihani na kufungua kinywa mbele ya daktari Mzungu.

Mtihani ulikuwa wangu. Yeye hakujua hata kusoma.

Nacheka peke yangu ninapoandika haya. Ngojeni niwaeleze vizuri.

Naitwa Placide, mtu wa Kabambare. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane. Shule ya wasaidizi wa daktari wa meno ilitafuta kijana mmoja tu kutoka upande wetu. Mmoja! Baba yangu, André, alishasema: ukianguka mtihani, Jumatatu unakwenda kuchimba dhahabu. Na baba hakuwa mtu wa mchezo.

Imla na hesabu sikuziogopa. Niliogopa sehemu ya mwisho: unapewa kipande cha sabuni na kisu, na kwa muda wa saa moja unachonga jino la mbele la mtu.

Nikachukua mkaa, nikaandika ratiba kwenye ukuta wa jikoni. Mitihani sita ya kujipima, Jumamosi sita. Msimamizi: Nkambo Léocadie, mama mzaa mama, kwa sababu nyumba nzima ni yeye tu asiyejua huruma.

Kumbe nimejitafutia balaa!

Jumamosi ya tatu iliangukia harusi ya dada yangu Clémentine. Nikamwomba Nkambo tuahirishe.

"Apana, bwana yangu," akasema. Kwetu nkambo humwita mjukuu wa kiume bwana yake, ndio utani wetu. "Ukuta inasema leo. Ikala chini, chonga."

Nikachonga nyuma ya ngoma, wageni wakinikanyaga miguu. Bwana harusi mwenyewe alikuja kuuliza kama lile jino ni zawadi yake.

Na sabuni je! Kila mtihani ulikula kipande. Mama akachoka kununua, akatangaza kwamba hakuna kutupa. Basi mwezi na nusu tulifua na kuoga kwa meno.

Mfano wangu ulikuwa kinywa cha Nkambo. Meno yake ya mbele yalichongwa ncha tangu usichana, urembo wa wazee wa wakati wake. Niliyatazama mpaka nikayaota. Pembeni mwa jino moja niliona kishimo cheusi. Nikadhani ni alama ya mchongaji wake, nami nikakiweka kwenye sabuni.

Nkambo alikiziba kwa kidole gumba. "Hapa umekosa. Ninakata alama mbili."

"Lakini, Nkambo, ninakiona!"

"Unaona nini? Macho yako iko mubaya."

Jumamosi sita, alama mbili mbili. Nilikasirika, nusura nimnunie.

Siku ikafika. Tulipanda lori la pamba hadi Kasongo, Nkambo amekataa katakata kubaki nyumbani. Akakaa nje, chini ya dirisha.

Mimi ndani, kwa ubishi tu, nikachonga ncha na kishimo changu.

Daktari akapita mezani kwa wenzangu. Meno yao yalikuwa bapa, safi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwangu akasimama.

"Hii ni jino ya mutu ao ya mamba?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Na hii shimo? Kisu iliteleza?"

Akaandika sifuri. Nilijiona tayari machimboni, sururu begani.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

"Daktari, mutoto hakukosa," Nkambo akasema. "Jino iko yangu. Angalia."

Akafungua kinywa.

Daktari akachukua kioo chake kidogo. Akatazama kinywa, akatazama sabuni, akarudi kinywani. Wacha we! Ncha ile ile. Shimo lile lile, pale pale. Jino lilikuwa limeoza.

"Mama, hii inakuumiza tangu wakati gani?"

"Miaka mbili."

"Mbona haukusema?"

"Nilikuwa naogopa koleo yako."

Kumbe nilikatwa alama kumi na mbili ili mtu afiche jino bovu! Na sasa amelitoa hadharani, mbele ya koleo lenyewe, kwa ajili yangu.

Daktari akaifuta sifuri. "Huyu anaona ugonjwa kabla ya kuisoma. Nitabeba huyu kwa shule."

Makofi yalilia mpaka nje.

Jino lilitolewa mchana ule ule. Nkambo alipiga yowe, soko zima likageuka. Kisha, pamba mdomoni, akanipiga kofi la kisogoni na kuniuliza kama kweli nimefaulu. Nikamkumbatia, nikalia na kucheka kwa pamoja.

Wadogo zangu mnaojiandaa kwa mitihani, pangeni majaribio yenu mapema, na msiyahamishe hata kukiwa na harusi. Mlichokiona kwa macho yenu, kiwekeni, hata mkikatwa alama. Na msimamizi wenu akiwa mkali mahali pamoja tu, mchungulieni vizuri: huenda ndipo panapomuuma.