Koili Nne za Bi Ukinzani

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, pale nyumbani tunamwita Bi Ukinzani. Jina alijitafutia mwenyewe. Alipotoka chuo cha ufundi alituambia mezani kwamba ukinzani ni ile hali ya waya kuuzuia umeme usipite kiholela. Mama mkwe akasema, "Basi ndiyo wewe huyo, mwanangu, tangu unanyonya." Jina likamganda.

Kazi yake ni kutengeneza majiko na pasi uani. Mwaka jana akapewa chumba cha nyuma, akaunda kabati la kutotolea vifaranga, koili ya umeme chini, kipimajoto mlangoni. Mume wangu akampa sharti: mayai ya kwanza yasipoanguliwa, chumba kinarudi kuwa stoo ya matairi yake. Na huyo akisema amesema.

Siku chache kabla ya kuanguliwa, tuliamka tukakuta kabati limepoa. Koili imeungua. Tukayatoa mayai, tukayafunika blanketi, mimi nimeikumbatia trei utadhani nimejifungua. Niliogopa, sifichi. Mume wangu ni dereva wa lori, na dereva gani asiyejiona fundi? Akachomoa koili ya jiko, akaifunga mle kabatini. Kipimajoto kikapanda mbio mpaka tukazima.

"Moto umezidi," akasema. "Tuikate. Waya nusu, moto nusu."

"Ukikata nusu, kaka, moto utakuwa mara mbili."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu hili hapa. Nishikie mita."

Bi Ukinzani akapima: volti mia mbili na arobaini, ampea nne. Akaandika kwa chaki sakafuni. Volti gawa kwa ampea, ukinzani ni omu sitini. Volti zidisha kwa ampea, nguvu ni wati mia tisa na sitini. Koili iliyoungua ilikuwa ikivuta ampea moja tu, yaani wati mia mbili na arobaini, na kabati lilipimiwa hiyo.

"Ukikata nusu, ukinzani unabaki omu thelathini, umeme unapita ampea nane. Tutakula mayai ya kuchemsha mpaka tuyachukie. Mimi nataka ukinzani uongezeke."

Akaleta koili tatu za aina ileile, akaziunga zote nne mkia kwa kichwa, zikawa njia moja ndefu. Mume wangu akanigeukia. "Koili moja imetushinda, yeye anaweka nne. Wifi yako anatuchomea nyumba."

Akiharibu ni wifi yangu. Akifaulu ni dada yake.

Akawasha. Mita ikasoma ampea moja. Kipimajoto kikapanda taratibu, kikasimama palepale panapotakiwa, wala hakikusogea tena. Tukarudisha mayai.

Ngojangoja huumiza matumbo, na mume wangu alishaanza kusogeza matairi mawili mpaka mlangoni, eti anajiandaa. Kumbe ndiye aliyesikia mlio wa kwanza. Akatoka na kifaranga kiganjani, bado kimelowa.

"Dada, njoo. Wanatoka."

Bi Ukinzani akapiga magoti mbele ya kabati. Trei nzima ilikuwa inapasuka. Alicheka huku machozi yanamtoka, nami nikalia naye kwa furaha, sina haya.

"Ile hesabu," mume wangu akauliza nyuma yetu, kwa sauti ndogo. "Volti gawa kwa nini?"

"Kwa ampea, kaka."

"Kwa ampea," akarudia. Akanikabidhi kifaranga, akainama, akayaviringisha matairi yake kurudi uani. Yako huko mpaka leo, yananyeshewa.