Mji Mdogo Nyuma ya Halmashauri

Watu walimwita Mama Brashi, hata wale waliolijua jina lake la kuzaliwa. Vibao vya maduka, namba za milango ya zahanati, mistari ya uwanja wa shule, vyote vilipita mkononi mwake. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nyuma ya ofisi za halmashauri. Pale, juu ya sakafu ya saruji, alikuwa amechora mji mdogo wa baiskeli: barabara ya njia mbili, mzunguko wa upana wa meza ya chakula, vivuko vya pundamilia, na mshale wa kugeukia kushoto alioufuta na kuurudia mpaka ukanyooka.

Mkuu wa mji huo alikuwa Afande, askari wa usalama barabarani aliyestaafu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Shule zilipokezana kumletea watoto. Aliwafundisha kujaribu breki kabla ya kuondoka, kutazama nyuma, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona. Siku moja injinia wa halmashauri alikatiza pale na mafaili yake kwapani, taa ndogo ya mafunzo ikiwa nyekundu. Afande akampulizia filimbi.

"Rudi nyuma, baba. Taa nyekundu haiangalii cheo."

Injinia akarudi. Watoto walicheka hadi mmoja akaanguka na baiskeli yake, na Mama Brashi, aliyekuwa amechuchumaa akikoleza rangi, akaangusha kopo.

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanza. Afande alikuja na chupa ya chai, Mama Brashi na vikombe, wakaketi barazani na kusengenya kidogo. Mama Brashi alimwita dada. Naye akaitwa mdogo wangu.

Kisha ukata ukaingia. Diwani mmoja alisimama kwenye baraza la madiwani akasema mafunzo ya baiskeli yanatafuna fedha za umma: mshahara wa mwalimu, vipuri, bima, mafuta ya basi la kuwaleta watoto. Na huku zahanati haina tangi la maji. Hakuwa mtu mbaya. Mkewe alijifungulia pale, wakamwogesha mtoto kwa maji ya kuazima kwa jirani. Ukaitishwa mkutano wa hadhara.

Afande alimfuata Mama Brashi nyumbani.

"Mimi nikisema, wataona natetea kibarua changu. Wewe huna mshahara pale. Waambie habari za yule binti asiyesikia, kama ulivyoniambia mimi."

Mama Brashi alikuwa juu ya ngazi siku ile, akiandika kibao cha duka la dawa, alipomwona binti yule akija na baiskeli. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na Afande alikuwa amemfundisha kutazama nyuma mara nyingi kuliko wenzake, kwa kuwa honi haikumsaidia kitu. Nyuma yake lori lilikuwa linakuja kasi, dereva anapiga honi tu. Binti akageuza shingo, akaliona, akajitoa pembeni. Lori likapita. Akaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nitasema, dada," Mama Brashi alijibu. "Hilo wala usinikumbushe."

Kabla ya mkutano, injinia alikutana naye sokoni. Uwanja ule ukifungwa, alisema, utakuwa maegesho ya magari. Itatakiwa mistari, vibao, na alama za barabara za ndani. Kazi ya miezi. Mume wa Mama Brashi alikuwa amekaa bila kazi tangu karakana ya mbao ifungwe. Injinia hakumwomba anyamaze. Ndiyo maana baadaye Mama Brashi hakupata hata mtu wa kumlaumu.

Ukumbi ulijaa. Diwani akauliza kwa upole, "Nionyesheni mtu mmoja tu aliyeokolewa na mafunzo haya."

Afande akasimama. "Aliyeokoka hajui kama ameokoka, mheshimiwa. Anafika nyumbani, anakula, analala."

"Nami hilo siwezi kuliandika kwenye bajeti, mama."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Afande hakugeuka. Mama Brashi, safu ya nyuma, aliona shingo yake ilivyosimama wima. Habari za yule binti alikuwa nazo mdomoni, zimepangika. Akajiambia aanze mwingine, yeye atafuatia. Mwenyekiti akamimina maji, akanywa taratibu, akatazama huku na huku. Mikono ikanyooshwa, fungu la mafunzo likahamishiwa tangi la maji.

Kazi ya maegesho alipewa Mama Brashi. Alianza kwa kuufunika mji wa zamani kwa rangi nyeusi. Pundamilia walikataa kufutika. Kila rangi ilipokauka, weupe ulijitokeza tena. Alikuwa anarudia mkono mwingine wa rangi Afande alipokuja kuchukua vitu vyake.

"Kazi inakwendaje?"

"Inakwenda, dada."

"Mistari imenyooka. Mkono wako haukosei, fundi."

Fundi. Afande akazunguka ukingoni asikanyage rangi mbichi, akaenda zake.

Tangi lilikuja kweli. Mume wa Mama Brashi alipolazwa zahanati, mkewe alifungua bomba na maji yakatoka kwa nguvu, akamnawisha uso. Hakuweza kusema fedha zile zimepotea. Angeweza, labda moyo ungemtulia.

Mume alipopona, Mama Brashi akajikaza akaenda kwa Afande. Alipokelewa vizuri: kiti chenye mto, chai ya moto, maswali juu ya watoto na afya ya mgonjwa. Wakaongea juu ya bei ya mkaa. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Dada, siku ile ya mkutano…"

"Chai inapoa," Afande akasema, bila ukali, akamsogezea sukari.

Wakaendelea na bei ya mkaa. Afande akamsindikiza mpaka barabarani, kama mwenyeji yeyote mwenye adabu.

Nyumbani mumewe akauliza, "Amekupokeaje?"

"Vizuri sana."

"Basi yameisha."

Mama Brashi akavua viatu, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kuwasha moto.