Koleo la Kupeleka Baharini

Nilitoka nyumbani asubuhi moja bila safari yoyote kichwani. Kwangu hilo si ajabu. Niliacha shule mapema, na tangu hapo miguu hunisumbua nikikaa mahali hadi nizoee sauti ya jogoo wake. Nilikuwa nimefika langoni na mkoba wangu mama aliponiita.

"Unaenda wapi?"

"Sijui bado, mwaitu," nikamjibu kwa jina tunalomwitia mama kwa Kikamba.

"Vizuri. Basi kama hujui, utapitia kwa kaka yako."

Kwa kaka yangu ni Pwani. Kwetu ni Kitui, ambako bahari ni kitu cha kwenye redio. Mama hakungoja jibu. Aliingia jikoni, akatoka na koleo la marehemu baba.

Kaka huvua samaki kwa fimbo, akiwa ufuoni, bila mashua. Husimama mawimbi yakimpiga magotini, akarusha mshipi mbali, kisha akangoja. Koleo ni nusu ya kazi yake, maana ndilo la kutolea ndoana kwenye mdomo wa samaki mwenye meno, na ndilo la kukatia waya. Muda mfupi kabla ya siku hiyo, ndoana ilikuwa imemwingia yeye mwenyewe katika nyama ya kidole gumba. Alipolitafuta koleo lake akalikuta limeshikana kwa kutu, halifunguki kwa nguvu wala kwa matusi. Akatembea hadi zahanati, mshipi ukiburuta nyuma yake. Alitusimulia hayo kwa simu huku akicheka. Mama hakucheka. Alimuuliza ni mkono gani, na alipojibiwa kwamba ni wa kulia, akamhoji habari za kidole hicho hadi salio likaisha.

Kwa mama, koleo la baba ndilo lilikuwa jibu. Baba alilitumia kwa waya za ua wa mbuzi na kwa breki za baiskeli. Alipotuacha, likaning'inia msumarini jikoni, mama akilitumia kuepulia sufuria iliyovunjika mkono. Miaka yote hiyo halikushika kutu hata chembe.

"Hili halijui kutu," alisema akilifunga kwa leso. "Na nataka awe na kitu cha baba yake huko kwa maji. Siku ingine akidungwa, hili litafunguka."

Nikavuka Mto Athi, nikaingia Makueni. Huko nilikaa siku chache kwa mtu aliyekuwa na kisima cha kuchimbwa kwa mashine, nikimsaidia kubadilisha mabomba. Maji yake yalikuwa ya chumvi. Punda waliyanywa, lakini chai yake haikunyweka hata ukiimwagia sukari kiasi gani. Nilitumia koleo la baba kukaza waya kwenye maungio, na jioni nikalitia mkobani likiwa na majimaji. Nilipolitoa tena lilikuwa jekundu kiungoni, na lilifunguka likilia.

Nikakaa juu ya jerikani nikalitazama. Kilikuwa chuma cha kawaida tu. Kilichokilinda ni hewa yetu kavu na moshi wa jiko la mama. Kule kwa kaka kisingevuka msimu. Nikalisugua kwa majivu na mafuta ya kupikia mpaka likacheza vizuri, kisha nikampigia kaka.

"La baba?" aliuliza. "Usithubutu kulileta huku. Chumvi italila nikiona."

"Basi mwambie mama."

"Mwambie wewe. Si wewe uko nalo?"

"Wewe ndiye mkubwa."

"Ukubwa niliuacha Kitui," alisema, akacheka.

Kisha akanieleza koleo la kumtafutia badala yake. Nisidanganywe na mng'ao, kwa sababu mng'ao ni ngozi tu, ukikwaruzika kutu huingia chini yake. Niangalie kiungo kwanza, maana kutu huanzia pale chuma kinapojikunja. Mwili uwe wa alumini, mdomo uwe mrefu, wa chuma kisichoshika kutu. Liwe na springi ya kulifungua lenyewe, na tundu la kufungia kamba, wimbi lisije likalichukua.

"Na likate waya kwa mkono mmoja bila kusukumana," aliongeza, sauti ikashuka. "Huu wa kulia haujarudi na nguvu zake."

Hilo hakuwa amemwambia mama.

Katika mji wa Wote nilizunguka maduka yote ya vifaa. Makoleo yalikuwa mengi, mazito, yanang'aa. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, na kila koleo nililoligusa liliidaka mwili mzima, ishara kwamba si alumini. Mwenye duka mmoja aliniuliza kama nimetumwa na serikali.

Sokoni nikamkuta mama mmoja aliyekuwa ametandaza vifaa vya mitumba juu ya gunia. Kati ya nyundo na bisibisi palikuwa na koleo jepesi lenye mdomo mrefu, mwili wake umetobolewa matundu kama wa kitu cha kuchezea. Sumaku iliteleza mwilini, ikashika mdomoni tu, kidogo.

"Hilo ni la daktari wa meno," muuzaji akaniambia. "Chukua hili zito. Mwanaume unabeba hilo jepesi la nini?"

"Ni la baharini, mama. Naomba tuliweke kwa maji ya chumvi mpaka kesho, nione."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe unataka kununua ama unataka kupika?"

"Mwekee na kitunguu!" akadakia muuza nyanya wa jirani.

Walicheka mpaka wateja wakageuka. Nikamweleza habari ya kaka na kidole. Kicheko kikaisha. Muuzaji akakata jerikani kuukuu, akatia maji, akaniagiza chumvi dukani. Akalitumbukiza lile jepesi, na kando yake moja la kawaida, "ili lisiseme limeonewa."

Kesho yake nilimkuta ameshainamia jerikani. La kawaida lilikuwa limeota ndevu nyekundu. Lile jepesi lilikuwa safi, ila springi ilikuwa na doa.

"Springi imetuangusha," alisema kwa huzuni, kama mzazi ambaye mtoto wake amekosa hesabu moja.

"Springi hubadilishwa, mama."

Akanipa spoku ya baiskeli, ule waya wa gurudumu, nijaribu. Nikaikata kwa mkono wa kushoto, ambao kwangu ndio mnyonge, nayo ikakatika bila ubishi. Akanipunguzia bei kabla sijafungua mdomo.

"Akuoshe kwa maji ya bomba kila jioni," akaliambia koleo lenyewe, si mimi.

Sasa ikabaki simu ya mama. Nilizunguka stendi nikiahirisha, nikanunua njugu nisizozitaka, mwishowe nikapiga.

"Nimepata la kaka," nikasema. "Jipya, la maji ya chumvi."

"Na la baba yake?"

Nikamweleza yote: kisima, kutu, maneno ya kaka. Sikumficha hata habari ya mkono. Upande wa pili nikasikia mbuzi, na mlango ukigongwa na upepo.

"Kwa hivyo huko kwa maji hatakuwa na kitu cha baba yake," alisema.

Nikaligusa koleo la baba mkobani.

"Lakini mkono pia ni wa baba yake," alisema tena, polepole. "Vile vidole ni vyake kabisa. Hebu hivyo ndivyo vitunzwe. Mpelekee hilo jipya."

"Sawa, mwaitu."

"Na hilo la baba ulirudishe. Wewe mwenyewe, si kulituma na gari. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sasa uko na safari. Ya kwenda na ya kurudi."

Lori la kwanza lililonikubali lilikuwa likipanda vilima vya Nunguni kisha literemke mji wa Sultan Hamud, kwenye barabara kuu. Haikuwa njia fupi ya Pwani. Sultan Hamud nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kukanyaga ardhi yake, kwa hiyo niliposhushwa jioni, karibu na reli, sikujua hata nielekee upande gani. Nikauliza kwa muuza mahindi, akanionyesha nyumba ya kulala wageni nyuma ya maduka. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, akipepeta maharagwe mlangoni.

"Chumba kipo," alisema. "Ni cha leo tu?"

"Cha leo. Na kingine nikirudi."

"Wageni wote husema hivyo," alijibu, akanyanyuka kunitafutia ufunguo.